Futa Kifuniko, Usome

Ndugu zangu wenye magari, somo la leo limeandikwa mahali padogo: kwenye kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini yako, pale unapomiminia oili. Nenda ukafungue boneti. Chukua kitambaa, futa vumbi na masizi. Chini yake utakuta 0W-20, au 5W-30, au mfano wa hayo. Kama kifuniko chako ni kitupu, somo limo kwenye kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo kutoka Japani, chenye maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyaelewa, na ambacho wengi wetu tumekigeuza kabari ya kuzuia mlango wa stoo. Kitoeni mlangoni! Tarakimu hazina Kijapani. Ishirini ni ishirini, Nagoya na Namanyere.

Sasa nijibuni kwa dhamiri safi. Mara ya mwisho ulipokwenda kumwaga oili, ulizitamka tarakimu hizo? Au ulifika, ukaketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, ukaagiza soda, na fundi alipouliza, "Bosi, nikuwekee ipi?" ukamjibu bila kuinua macho kwenye simu, "Weka nzito, joto la hapa unalijua"?

Weka nzito! Nani alitufundisha sala hii? Tumeikariri Gerezani, tumeikariri Kariakoo, tumeikariri Kirinyaga Road kule Nairobi, baba kamrithisha mwana, na mwana kaipeleka kwenye gari ambalo baba hakuwahi kuliota.

Sisemi haya nikiwa mtakatifu. Nilikuwa na gari dogo, injini ya cc 1500, na kifuniko chake kilisema wazi: 5W-30. Kwa miaka miwili nikalinywesha 20W-50. Nilipenda jinsi lilivyotulia, sauti nene kama ya mzee wa baraza. Nikaamini pia kwamba oili nzito hudumu zaidi, basi kilomita za kubadilisha nikazivuta, nikazivuta tena. Asubuhi lilianza kugonga tapeti, tk tk tk, kisha likanyamaza, nami nikanyamaza nalo. Siku moja ikawaka ile taa ya manjano. Fundi mwenye kompyuta akasoma: kemshafti inachelewa kuitika. Akafungua valvu ndogo inayopeleka oili kwenye mtambo wa kurekebisha muda wa valvu, ule tunaouita VVT-i, akanionyesha kichujio chake, kitu kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Kilikuwa kimeziba kwa tope jeusi. Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Kifuniko kilikuwa kimeniambia tangu siku ya kwanza.

Tusome basi, herufi kwa herufi, maana upotofu wote umeanzia kwenye kusoma vibaya.

Wapo wanaofundisha kwamba W ni uzito, kwa kuwa neno la Kiingereza la uzito huanza na herufi hiyo. Wamepotea, na wanapoteza wengine. W ni msimu wa baridi, ule wa theluji, wa Ulaya na Marekani. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianzishwa mwaka 1905, na mwaka 1911 kikatoa mpangilio wake wa kwanza wa oili. Mpangilio huo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ndio unaosomeka leo kwenye kila galoni dukani. Tarakimu iliyo kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Yenye 0W hupimwa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, ionekane kama injini bado itaweza kuzungushwa. Yenye 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Yenye 20W hupimwa kwa nyuzi 15 tu chini ya sifuri, kwa sababu zaidi ya hapo haijiwezi. Tarakimu ya pili inaeleza mnato wa oili ikifika nyuzi 100, ambalo ndilo joto la kazi ndani ya injini yako.

Na mnato, wapendwa, ni ule ukaidi wa kimiminika kukataa kutiririka. Asali inao kuliko maji. Gereji tunauita uzito, na hapo ndipo ulimi ulipotuponza, kwa sababu kwetu kitu kizito ni kitu cha thamani: chuma kizito, mlango mzito, mahari nzito. Nani anataka kitu chepesi? Lakini oili ya 50 haina nguvu zaidi ya oili ya 20. Imezidi ukaidi tu.

Hapo msomaji wangu wa Tanga atanirukia: "Sifuri ya nini kwetu, mhubiri? Hata Makete mwezi wa Juni, ambako umande huganda juu ya nyasi, hatujaiona hiyo nyuzi 35 chini ya sifuri. Hiyo oili ni ya Wazungu na theluji yao." Ni hoja nzuri. Nimeisikia mara nyingi, na kwa miaka miwili niliitumia mwenyewe. Chukueni kalamu, niwaonyeshe inapovunjika.

Oili ya kawaida ya 0W-20, ikiwa na joto la nyuzi 40, ina mnato wa sentistoki 43 hivi. Ikifika nyuzi 100 unashuka hadi 8 hivi. Oili ya 20W-50 kwa nyuzi 40 ina kama 165, na kwa nyuzi 100 ina kama 18. Tazameni tarakimu hizo tena, taratibu. Hiyo 0W-20 unayoidharau, unayoiita maji, kabla hujawasha gari ina mnato mara mbili na ushei wa 20W-50 iliyokwisha kuchemka! Na nimekuwa mkarimu, nimehesabu kwa nyuzi 40. Saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam, hata miezi ya joto, ni nyuzi 25 au 26, na oili hapo ni nzito zaidi.

Mmesikia? Kila asubuhi, hata Februari, hata Lindi, oili iliyo nyepesi kuliko zote dukani ni nzito mno kwa injini yako. Haijapata kutokea alfajiri ambayo oili iliamka nyepesi kupita kiasi. Injini inapowashwa ndipo vyuma vinapolika zaidi, kwa kuwa usiku kucha oili imeshuka kwenye sampo, na kule juu kwenye kemshafti umebaki utando tu. Pampu inavuta, na vyuma vinasubiri. Mpe mtoto mrija anywe uji mwepesi, kisha umpe mrija uleule anywe uji ulioshika kijiko. Ndivyo unavyoifanyia injini yako kila siku ukiitilia 20W-50 huku imeomba 0W-20, halafu unakanyaga mafuta kuwahi foleni ya Mbagala.

"Lakini mchana, mhubiri! Jua la hapa!" Haya, tuzungumze habari ya jua. Mnadhani aliyetengeneza gari lako aliishi kwenye jokofu? Mwezi Julai 2018, mji wa Kumagaya, kaskazini-magharibi ya Tokyo, ulipima nyuzi 41.1. Dar es Salaam ikifika 35 tunaandikiana ujumbe usiku kucha kwamba dunia inaisha. Magari yanayosomeka 0W-20 kwenye vifuniko yalipita Kumagaya siku ile, kiyoyozi kimewashwa, foleni mbele na nyuma.

Zaidi ya hayo, ndani ya injini kuna mlinzi aitwaye themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike karibu nyuzi 80 au 90, kisha kuyaachia kwa kipimo. Kwa hiyo nje kukiwa nyuzi 12 kule Njombe au nyuzi 33 pale Morogoro, moyo wa injini unakaa karibu na joto lilelile. (Najua kuna waliong'oa themostati wakaitupa, ati gari lisichemke. Injini za namna hiyo zinatembea zimepoa nusu, na oili yake haifikii wepesi uliokusudiwa. Dhambi hiyo ina mahubiri yake siku nyingine.)

Ingieni sasa ndani kabisa, mahali ambapo macho hayafiki. Krenki inazunguka ndani ya beringi, na watu wanadhani chuma kinasuguana na chuma. Kingesuguana, gari lisingevuka Kimara. Kati yao kuna mwanya wa sehemu chache za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele wako. Oili inasukumwa humo, na krenki inapozunguka inajivutia oili chini yake na kuelea juu yake, kama ngalawa iliyopata upepo. Aliyechora injini alikata mwanya ule kwa ajili ya oili ile aliyoiandika. Alikata na vijia vya kupeleka oili kwenye VVT-i, vyembamba, kwa hesabu, kwa sababu pale oili haikuwekwa kulainisha tu. Imefanywa mkono wa kusukuma: inaamriwa igeuze kemshafti kwa nyuzi kadhaa, sasa hivi, na baada ya muda mfupi irudi. Ukiupa mkono huo usingizi, utaitika kwa usingizi.

Najua mnavyoipenda geji ya presha. Ikipanda mnashangilia: "Ona, oili nzito imeleta presha!" Ndugu, damu ikipanda presha mnashangilia? Presha kubwa ya oili ya baridi inakuambia kwamba oili inagoma kupita. Na pampu ina valvu ya kujiokoa. Presha ikizidi kiasi, valvu inafunguka na kuirudisha oili nyuma kabla haijafika ilikotumwa. Geji imepanda na kemshafti ina kiu, vyote kwa wakati mmoja.

Wengine wanaogopa kwamba oili ya 20 itakatika kwenye mwinuko wa Kitonga, gari limejaa, gia ya pili, jua la saa nane. Hofu hiyo naiheshimu, maana Kitonga si mahali pa mzaha. Lakini oili haipewi jina la 20 kwa kupimwa nyuzi 100 peke yake. Hupimwa pia kwa nyuzi 150, huku ikisagwa kati ya nyuso mbili zinazopishana kwa kasi, kama inavyosagwa kwenye beringi, na kuna kiwango ambacho isipokifikia hairuhusiwi kubeba tarakimu hiyo. Waliandika 20 baada ya moto, wala hawakubahatisha.

Simlaani fundi. Nawasihi nanyi msimlaani. Alichofundishwa kilikuwa kweli, katika zama zake. Peugeot 504 na Land Rover 109 zilizotufikisha vijijini zilikuwa na mianya mipana na vyuma vilivyokatwa kwa mashine za zamani, na hazikuwa na kemshafti ya kugeuzwa kwa oili. Oili za siku zile nazo zilikonda haraka kwenye joto. Mwaka 1978 fundi aliyekuwekea 20W-50 alikuwa mtu mwenye maarifa. Kosa lilianza pale gari lilipobadilika na sala ikabaki ileile. Leo anafungua boneti ya Aqua, gari ambalo injini yake inazimika kwenye foleni na kuwaka tena yenyewe mara nyingi katika safari moja, na anaihudumia kama trekta. Kama wewe bado unayo 109 yako, mzee wangu, na kitabu chake kinasema 20W-50, mimina 20W-50 na Mungu akupe umri. Somo ni lilelile: fanya kilichoandikwa.

Hapa nawageukia waliookoka jana, maana naona mnatazamana na kutabasamu. Nyinyi mmesoma nusu ukurasa mkaanza kumimina 0W-20 kwenye kila chenye tundu. Kuna aliyeitia kwenye Hiace ya dizeli ya zamani, injini ya 5L, gari la mizigo, ati ya kisasa ndiyo bora. Jamani! Injini ile inataka 15W-40, na inataka oili ya dizeli, yenye herufi C kwenye lebo pale panapoandikwa API, kwa sababu inazalisha masizi mengi na oili yake lazima iyabebe. Oili nyepesi mno kwenye mwanya mpana haitoshi kuinua krenki. Chuma hapo kitakutana na chuma kweli, na beringi ikinoki hutasikia tena tk tk, utasikia nyundo. Ushupavu wa wepesi na ushupavu wa uzito ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni kutosoma.

Na aliyeandika ameacha mlango. Kwenye vitabu vingi vya Toyota utakuta maneno ya maana hii: oili yenye tarakimu ya pili kubwa zaidi yaweza kufaa iwapo gari linakwenda kasi sana au linabeba mzigo mkubwa kupita kawaida. Kwenye vitabu vingine kuna jedwali lenye mistari ya joto la nje, na oili zinazoruhusiwa kwa kila joto. Kwa hiyo mwenye Noah ya kubeba abiria saba na magunia, Tunduma na kurudi, kitabu chake kikimruhusu 5W-30 badala ya 0W-20, apande ngazi hiyo moja kwa amani. Ngazi moja! Toka 20 uende 30. Toka 30 uende 40, injini ikiwa imechakaa, imekwisha kula kilomita laki tatu na inapunguza oili. Usiruke toka 20 hadi 50 kama mtu anayekimbia nyuki. Na kama umekwama Mikumi usiku, kijiti cha kupimia kimetoka kikavu, na duka pekee lina 20W-50, mimina. Oili isiyofaa inashinda kukosa oili. Ukifika mjini, imwage.

Lakini moshi wa bluu nao una ujumbe. Ringi zimelegea, au sili za valvu zimekauka. Ukimimina oili nzito moshi utapungua, na hilo ndilo linalotudanganya, kwa sababu tunaona ugonjwa umepona kumbe umefunikwa shuka. Wauza magari ya mkononi wanaijua shuka hiyo vizuri. Injini inayogonga na kutoa moshi hujazwa oili nzito kama gundi usiku wa kuamkia siku ya mteja, na mteja akija anasikia utulivu, anasifu, anahesabu fedha. Dada yangu unayekwenda kununua gari Jumamosi, fika alfajiri bila kutoa taarifa, kabla halijawashwa. Chomoa kijiti, tazama oili inavyoshuka kwenye ncha. Kama kifuniko kinasema 0W-20 na kwenye kijiti kinaning'inia kitu kama uki wa nyuki, uliza imewekwa lini, na kwa nini. Kisha liwashe lingali baridi, usimame nyuma.

Na wewe kaka wa bodaboda, usidhani nimekusahau. Pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea ndani ya oili ya injini. Oili ya gari dogo la kisasa imetiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiitia hiyo, utavuta mafuta mlimani, injini italia, pikipiki itabaki pale pale na abiria anakutazama kisogo. Tafuta kwenye kopo herufi JASO MA, na tarakimu zilizo kwenye kitabu cha pikipiki yako, ambazo kwa nyingi za hapa ni 20W-50. Umeona? Galoni lilelile ninalolipigia kelele tangu mwanzo, kwako ndilo lililoandikwa.

Mtaniambia oili iliyoandikwa ni ghali. Ni kweli, galoni la 0W-20 linauma kuliko la 20W-50, na mwezi wenyewe una tarehe nyingi kuliko mshahara. Sina namna ya kulipunguza bei. Lakini injini ndogo ya cc 1500 inakunywa chini ya lita nne, na inakunywa mara chache kwa mwaka. Weka hizo lita nne upande mmoja, upande wa pili weka gharama ya kufungua injini: ringi, beringi, gasketi, siku kumi za kupanda daladala, na fundi asiyepokea simu. Nunua galoni lenye sili isiyoguswa, na ukishalimaliza litoboe, lisije likajazwa tena uchafu na kuuzwa kwa jirani yako.

Wewe unayesoma ukurasa huu umeketi kwenye tairi chini ya mwembe wa gereji, nakuona. Gari lako liko juu ya jeki, nati ya sampo imefunguliwa, oili kuukuu inachuruzika kwenye beseni, na kijana ametumwa dukani kuleta galoni. Bado hajafika kona. Mwite arudi. Inuka, pitisha mkono chini ya boneti, chukua kitambaa begani mwa fundi bila kumwomba radhi sana, ufute kifuniko, kisha umsomee kijana kwa sauti.